Anwani ya Mzee Masudi

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii waliitunga watu waliovijua vyombo vya bahari. Tezi ni nyuma ya chombo na omo ni mbele yake. Ngama ni chini, katikati, pale yanapotuama maji yaliyopenya ndani. Maana yake ni kwamba mtu hata azunguke vipi, mwisho hurudi palipo pake. Anayeisikia mara ya kwanza hudhani inawahusu mabaharia peke yao. Mzee Masudi hakuwa baharia. Alikuwa dereva wa lori mstaafu, mkazi wa Oakdale katika jimbo la Minnesota, ambako bahari iliyo karibu zaidi ni safari ya siku mbili kwa gari. Hata hivyo methali hiyo ilimfuata hadi huko, ikamngoja kwenye dirisha la ofisi moja ya serikali na kumshika mkono asiweze kuandika.

Masudi alizaliwa Malindi na alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Alikuwa amefika Minnesota miaka ishirini na saba nyuma, yeye na mkewe Ummulkheir na binti yao Raisa aliyekuwa bado akibebwa. Kwa miaka ishirini na mitatu aliendesha malori ya nafaka, akiyapeleka kwenye maghala ya kando ya mto kule Savage. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda chai ya tangawizi, na hakuwa na tabia ya kuapa ovyo. Hata neno wallahi alilitumia kwa kipimo, kama mgonjwa wa presha anavyotumia chumvi.

Nyumba yao haikuwa kubwa, lakini kila Mswahili wa Saint Paul na mji pacha wake aliijua. Kijana aliyewasili kutoka Mombasa au Lamu, akilala leo kwenye kochi la huyu na kesho kwenye kochi la yule, alihitaji anwani ya kuwaandikia watu wa benki, wa leseni na wa uhamiaji. Anwani hiyo ilikuwa ya Masudi. Ummulkheir aliyaandika majina ya vijana hao kwa wino mweusi na kuyabandika ndani ya kisanduku cha barua ili tarishi asibabaike, na mwaka mmoja yalifika kumi na saba. Barua ikija, alimpigia mwenyewe simu na kumwambia, "Ipo barua yako. Njoo ule, kisha uichukue." Hakuna aliyewahi kupewa barua kabla ya kula.

Hussni alikuwa mmoja wao. Alikuja kuchukua leseni yake ya udereva, akala wali wa nazi na samaki wa kupaka, akashukuru na kwenda zake. Wiki ya pili alirudi kuuliza kama ana barua nyingine. Wiki ya tatu akarudi tena, mpaka Ummulkheir akamwambia mumewe kuwa kijana yule hangojei barua yoyote, anamngojea Raisa. Wakaozwa, wakahamia Lakeville, wakajaliwa watoto wawili wanaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza.

Siku zile zilikuwa tamu, na Masudi hakujua utamu wake mpaka zilipokwisha. Majira ya baridi ya mwaka juzi, moyo wa Ummulkheir ulisimama akiwa jikoni. Tangu hapo nyumba ilimwelemea mzee wa watu. Alimkumbuka akigombana na kindi waliofukua mbegu zake za bamia, akiwakemea kwa Kiswahili kana kwamba kindi wa Oakdale walikuwa wamekwisha kuijua lugha. Alikumbuka namna alivyofungua mlango wa mbele hata kabla lori halijazimwa, na namna alivyomlaki kwa maneno yale yale kila aliporejea safari: "Umerudi? Alhamdulillahi." Sasa Masudi alifungua mlango mwenyewe, akaingia, akakaa na koti lake kwa muda mrefu kabla ya kulivua.

Ndipo alipolikumbuka gari. Miaka mingi nyuma, kwenye kituo cha mapumziko njiani kwenda Duluth, walikuwa wamewaona wazee wawili wakichemsha chai ndani ya gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo. Ummulkheir aliwatazama kwa kijicho kizuri, akasema, "Masudi, ukistaafu tununue lile. Nataka kwenda kuyaona yale maji yanayochemka yenyewe ardhini kule Yellowstone." Masudi alistaafu, lakini aliyetaka kuyaona maji hayo hakuwapo tena. Hata hivyo akalinunua gari, la mkono wa pili, lenye urefu wa mita tisa. Wazee wenzake msikitini walipata la kusema. Walieneza habari kwamba Masudi ameshindwa na ujane, ameweka nyumba ndogo, tena yenye magurudumu sita.

Mzaha uliisha alipotangaza kuwa anauza nyumba ya Oakdale na kuhamia garini moja kwa moja. Mnunuzi alipatikana haraka. Siku ya kukabidhi funguo ilipangwa Ijumaa ya mwisho ya Septemba. Raisa alipopata habari hakupiga kelele. Alimwuliza baba yake swali moja tu.

"Baba, watuhama?"

"Natembea, mwanangu. Mtu hawezi kutembea?"

"Anayetembea huacha mlango nyuma yake. Wewe wauza na mlango."

Masudi alianza kukusanya vikombe vya chai, na hilo lilimwuma Raisa zaidi ya jibu lolote baya. Alikuwa amempoteza mama. Sasa aliona baba naye anajiandaa kupotea, polepole, kwa mipango na kwa tabasamu.

Wiki mbili kabla ya siku ya funguo, Masudi alikwenda Savage kwa Nahashon, wakala wake wa bima kwa miaka kumi na mitano. Nahashon alikuwa mtu wa Murang'a, shemasi wa kanisa lake, mwenye kitambi cha heshima na utani usiokauka. Aliufungua ukurasa kwenye kompyuta, akamtazama mteja wake juu ya miwani.

"Mzee, nikuulize. Hili gari ukipaki, linalala wapi?"

"Popote nitakapokuwa mimi."

"Popote si address, Mzee wangu." Nahashon alivua miwani. "Iko hivi. Kuna bima ya gari la likizo, na kuna bima ya mtu anaishi ndani full-time. Ukichukua ile ya likizo na kumbe umehamia humo, siku jiko lishike moto, kampuni itakuuliza nyumba yako ilikuwa wapi. Ukisema ilikuwa ndani ya gari, claim imekufa hapo hapo."

"Basi nipe ya kuishi."

"Nitakupa. Lakini hata hiyo inataka jimbo. Leseni, namba ya gari, ushuru, kura, bima ya afya, hata yule daktari wako wa sukari wa Saint Paul, wote watakuuliza swali moja: nyumbani ni wapi? Ijumaa ile unauza nyumba. Jumamosi utawajibu nini?"

Nahashon akainua mikono kama mtu aliyekwisha kulitatua.

"Na si uko na Raisa hapo Lakeville? Tumia address yao. Tumemaliza, twende lunch."

"Nikakae kwa mkwe?"

"Nani amesema kukaa? Ni kuandika tu."

"Kwetu, kuandika ndiko kukaa," alisema Masudi, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Baba hamfuati bintiye kwa mumewe, bwana Nahashon. Watu watasema Masudi amezeeka, amekwenda kupewa pembe ya kulala kwa Hussni."

"Huyo Hussni si mlimpa address yenu?"

"Ile ilikuwa mimi kumpa yeye."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lake, na msomaji asimcheke sana, maana wapo wengi wa aina yake. Mtu aliyewakaribisha watoto wa watu kumi na saba katika kisanduku chake cha barua hakuweza kuingia katika kisanduku cha mtu mmoja. Kutoa alikuona ni heshima, kupokea akakuona ni kudhalilika. Nahashon alimwelewa lakini hakukubaliana naye. Alimwambia akishapata jimbo arudi.

Masudi akaingia mtandaoni, akawakuta watu maelfu wanaoishi barabarani, nao wakamwelekeza South Dakota, jimbo jirani linalowapokea wasafiri wa namna hiyo kwa ukarimu. Unakodi kisanduku cha barua kwenye kampuni inayohifadhi barua za wasafiri. Unalala usiku mmoja kwenye kambi ya magari, unachukua stakabadhi yako, unakwenda ofisi ya leseni, unaweka saini, na umekuwa mwenyeji. Masudi alifurahi. Aliona amepata nyumbani pasipo na mkwe wala majirani, pasipo na kumbukumbu.

Aliondoka Jumatatu ya wiki ile ile ya funguo. Raisa alikuja Oakdale kumuaga, akasimama kando ya gari akiwa amevaa sare zake za kazi ya duka la dawa.

"Kwa hiyo kesho wewe ni mtu wa South Dakota," alisema.

"Ni karatasi tu, Raisa."

"Na ndani ya karatasi hiyo, Baba, mimi niko wapi?"

Masudi aliwasha injini kwa kuwa hakujua la kufanya lingine. Kwa saa nne alipita mashamba ya mahindi yaliyokauka, akijisemea kuwa vijana hawaelewi. Alilala kambini, akapewa stakabadhi yake, na Jumanne asubuhi alikuwa mtu wa tatu kwenye foleni ya ofisi ya leseni.

Mama aliyekuwa dirishani alikuwa na kibandiko kifuani chenye jina Stacy. Alizipokea karatasi za Masudi moja moja, akizisifu kwa kupangwa vizuri. Kisha akamsogezea karatasi moja zaidi, ya maswali machache ya ndiyo na hapana, akamweleza kuwa hiyo hujazwa kwa kiapo. Masudi alilijibu swali la kwanza. Alipofika kwenye lililofuata, mkono ulisita. Liliuliza: Je, hili ndilo jimbo unalokusudia kurejea kila baada ya kutokuwepo?

Alilisoma mara ya pili. Alimwona Ummulkheir amesimama mlangoni pa Oakdale, na kitambaa cha jikoni begani, akimshukuru Mungu kwa ajili ya kurudi kwake, si kwa ajili ya kitu kingine. Akajiuliza ni nani katika jimbo hili angemwambia neno hilo. Akajiuliza pia kama roho yake ingetoka barabarani, polisi wangeitazama leseni yake na kuupeleka mwili wake wapi. Wangeupeleka kwenye kisanduku cha barua, kimoja katika safu ya visanduku elfu.

Kisha likamjia jambo alilokuwa amelifukia kwa miaka miwili. Siku ya mazishi ya Ummulkheir, kule makaburi ya Waislamu ya Burnsville, msimamizi alikuwa amemvuta kando na kumwuliza kwa upole kama anataka nafasi moja au mbili. Masudi alijibu mbili, akatia saini, akarudi kusimama kaburini. Hakumwambia mtu. Mwenyewe alikuwa hajalifikiria tena. Sasa, mbele ya dirisha la watu asiowajua, aliona kuwa swali lile alikuwa amekwisha kulijibu, tena kwa saini yake.

"Kuna tatizo, bwana?" Stacy aliuliza. "Hilo ni swali la kawaida. Watu huweka alama ya ndiyo."

"Jibu langu ni hapana," alisema Masudi.

"Ukisema hapana siwezi kukupa leseni."

"Najua. Nisamehe kwa kukupotezea muda."

Stacy aliirudisha karatasi, akamtazama mzee yule aliyeendesha gari saa nne ili aje kukataa kilichomleta. "Sasa unakusudia kurejea wapi?"

"Kwa mke wangu."

"Basi nenda mapema," alisema Stacy akitabasamu, "asije akakungoja sana."

Masudi hakumsahihisha. Alimshukuru, akatoka, akakaa kwenye kiti cha dereva na kulia kwa namna ambayo hakuwahi kulia tangu mazishi. Alipomaliza alinawa uso kwenye sinki la lile jiko dogo la garini, akageuza kichwa cha gari mashariki.

Hakwenda Oakdale. Alishika njia ya Lakeville, na kabla ya alasiri kwisha alikuwa mbele ya nyumba ya Hussni. Katika maisha yake alikuwa ameendesha malori kwenye barafu bila kuogopa. Leo alichoogopa ni kumwomba mkwewe.

Hussni alikuwa ametoka kwenye duka lake la matairi, bado na mafuta mikononi. Alipomwona alikuja mbio.

"Shikamoo, Baba. Kumetokea nini?"

"Marahaba. Hakuna baya." Masudi alishuka, akafunga mlango wa gari. Alitazama chini ili asimtazame machoni, na ndipo alipoona kokoto. Ubavuni mwa gereji, pale palipokuwa na nyasi, palikuwa pamesawazishwa na kumwagwa kokoto mpya, upana wa gari na urefu wa mita kumi na zaidi. Ukutani palikuwa na soketi nene ya umeme ambayo hakuwahi kuiona.

"Hizi kokoto za nini?"

Hussni alijifuta mikono kwa kitambaa, akichukua muda wake. "Za gari lako. Nilikwenda manispaa mwezi wa nane kuuliza kama inaruhusiwa, wakasema inaruhusiwa. Raisa alinikataza kukwambia. Alisema ukiambiwa utaona twakulazimisha."

"Tangu mwezi wa nane?"

"Naam."

Masudi alitembea mpaka katikati ya zile kokoto, akasimama. "Hussni, mwanangu, nimekuja kuomba anwani."

"Anwani ipo, Baba. Na chumba kipo, pale chini, chenye dirisha. Chukua unachotaka. Ila naomba usichukue anwani huku ukikiogopa chumba. Wewe si mgeni hapa."

Masudi alimshika Hussni bega, akaegemea hapo kidogo, na kijana yule akasimama wima mpaka mzee alipojitoa mwenyewe.

Kesho yake walikwenda Savage watatu: Masudi, Raisa na Hussni. Nahashon aliwaletea viti, akatania kwamba leo mzee amekuja na mawakili wake. Bima ya kuishi garini ilichukua karibu saa nzima. Ilibidi kutaja thamani ya vyombo, gharama ya hoteli gari likiharibika njiani, na dhima ya mgeni atakayeteleza kwenye ngazi yake. Penye anwani ya makazi, Masudi alisema ya Lakeville, kwa sauti ambayo hata katibu wa chumba cha pili aliisikia.

"Kwa nani?" Nahashon aliuliza, ingawa alijua.

"Kwa mkwe wangu, Hussni."

Nahashon aliandika bila utani wowote. Kisha alishuka chini ya ukurasa, akakuna kidevu. "Imebaki moja tu, ya hiari. Mungu apishe mbali, jambo likitokea huko mbali, kuna kifungu cha kurudisha mwili. Wengi huwa wanaruka. Niache wazi?"

"Usiache. Andika makaburi ya Waislamu ya Burnsville," alisema Masudi. "Safu ya kumi na moja, nafasi ya pili kutoka njiani. Ya kwanza ni ya Ummulkheir."

Raisa alimgeukia baba yake taratibu.

"Nafasi hiyo uliinunua lini, Baba?"

"Siku ile ile."

Raisa alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. Miezi yote ile alikuwa ameamini kuwa baba yake anamkimbia mama, na kwa kumkimbia mama anamkimbia yeye pia. Masudi alivuta kiti chake karibu.

"Nilikuwa naikimbia nyumba, mwanangu. Mama yako sikumkimbia, wala wewe. Nilipotakiwa kuapa kwamba nitarudi kwa watu wengine, ulimi ulikataa."

Ijumaa alikabidhi funguo za Oakdale. Jumamosi, baada ya kuomba dua Burnsville, aliondoka kuelekea Yellowstone kwenda kuyaona maji yanayochemka yenyewe ardhini. Huko aliko hupiga simu kila jioni, mara yuko milimani, mara yuko jangwani, na Raisa hamwulizi kama atarudi. Humwuliza ni lini. Ardhi ya Mungu ni pana na mzee ana magurudumu sita, lakini walionena walikwisha kunena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.